Maswali ya Wasomaji: Mpira wa Haidroliki Haupasuki Bila Sababu

Barua za safari hii karibu zote zinauliza kuhusu mipira ya haidroliki, ile ambayo wengine huiita hosi paipu. Swali la kwanza tulimjibu mwandishi wake kwa simu siku ileile barua yake ilipotufikia. Tunalichapa hapa kwa ajili ya wengine wote wenye tabia kama ya kijana wake.

SWALI: Mafundi, salamu. Trekta letu linavuja mafuta kama mvuke mwembamba karibu na silinda ya kuinulia trela. Kijana wetu hupitisha kiganja kandokando ya mpira akitafuta tundu, na leo asubuhi alihisi kama amechomwa na mwiba. Kidole kina alama ndogo tu na hakiumi sana. Tupake nini?
*Mkulima wa miwa, Kilombero*

JIBU: Ndugu mkulima, usipake chochote. Kidole hicho hakitibiwi nyumbani. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kama ncha ya sindano hupenya ngozi hata presha ikiwa bar 7 hivi, na haidroliki ya trekta hufanya kazi kwenye bar 150 na kuendelea. Yakishaingia husambaa ndani kufuata kano, hubana damu isipite na kuanza kuua nyama, huku juu ya ngozi pakionekana alama kama ya kuumwa na siafu. Uvimbe na maumivu makali huja saa kadhaa baadaye. Hapo ndipo wengi hukimbilia hospitali, na hapo ndipo vidole na mikono hukatwa.

Mpeleke saa hii kwenye hospitali yenye daktari wa upasuaji. Mwambie anayewapokea maneno haya: "Mafuta ya haidroliki yameingia ndani ya kidole kwa presha kubwa." Ukisema "amejichoma" anaweza kupewa vidonge vya maumivu akarudi nyumbani. Bebeni kopo la mafuta yale ili daktari asome lebo. Njiani avue pete na kuinua mkono juu. Msikamue, msitie maji ya moto, msifunge kamba. Asile wala asinywe, maana huenda akaingia chumba cha upasuaji.

Kuhusu kutafuta tundu, mkono haukaribii mpira wenye presha, hata ukiwa na glavu. Glavu ya ngozi haizuii. Zima injini, teremsha trela, safisha mpira kwa kitambaa, kisha tazama mahali panapolowa upya. Ikibidi injini iwake, funga kipande cha boksi kwenye fimbo ndefu, vaa miwani ya kazi na upitishe boksi hilo taratibu. Mafuta yakitoka utayaona yamechora alama kwenye boksi. Mpira uliokwisha kutoa mvuke hautengenezwi kwa kufungwa kitambaa wala tepu. Unavuliwa.

SWALI: Nina eskaveta ya tani 20 kwenye machimbo ya kokoto. Mpira wa robo tatu inchi unaokwenda silinda ya mkono umepasuka mara tatu ndani ya miezi minne, kila mara vidole vitatu au vinne kutoka kwenye fitingi. Mara zote nimenunua duka lilelile. Je, wananiuzia feki?
*Mmiliki wa mtambo, Kahama*

JIBU: Inawezekana, kaka, lakini mpira unaopasuka mara tatu mahali palepale kwa kawaida unalalamikia mahali ulipofungwa. Kabla ya kununua wa nne fanya mambo mawili: chunguza njia unayopita mpira, kisha pasua ule uliokufa uone ndani.

Anza na njia. Mwambie opereta akunjue mkono hadi mwisho, kisha aukunje hadi mwisho, taratibu, wewe ukiwa umesimama mbali ukitazama. Fitingi ni chuma kigumu na mpira ni kitu cha kupinda; pale vinapokutana ndipo pachovu kuliko pote. Mpira unatakiwa utoke kwenye fitingi ukiwa umenyooka, walau mara moja na nusu ya unene wake wa nje, kabla ya kuanza kukata kona. Kwa mpira wako wa robo tatu wenye waya nne hiyo ni kama sentimita 5. Ukianza kupinda palepale mdomoni, waya za nje ya kona huvutwa na za ndani husukumana kila mkono unapocheza, hadi zinakatika moja baada ya nyingine. Dawa yake ni fitingi yenye kona ya nyuzi 45 au 90. Kuongeza unene wa mpira hakusaidii, kwa sababu mpira mnene hupinda kwa shida zaidi.

Kuna kipimo cha chini cha mpindo kwa kila mpira. Nusu inchi ya waya mbili za kusuka, aina ya 2SN, isipindwe kwenye duara lenye nusu kipenyo chini ya milimita 180. Robo tatu ya 4SP, yaani ya waya nne, inataka milimita 300. Chukua kamba au waya laini, uifuatishe kwenye kona ya mpira wako, uilaze chini na upime. Wengi hushangaa kukuta wamepinda nusu ya kinachoruhusiwa.

Kisha urefu. Mpira ukijaa presha hubadilika: unaweza kufupika hadi asilimia 4 au kurefuka hadi asilimia 2. Mpira wa mita 1.2 unaweza kufupika karibu sentimita 5. Ukiukata "sawasawa" na nafasi, kila pigo la presha unauvuta utoke kwenye fitingi yake. Acha ulegee kidogo. Ila usilegee hadi ukaguse pini ya mkono au kunaswa na silinda.

La tatu ni kujisokota. Ule mstari wa maandishi ubavuni mwa mpira ni kipimo chako cha bure. Baada ya kufunga, mstari ukienda umenyooka kutoka fitingi hadi fitingi, sawa. Ukizunguka kama kamba ya katani, mpira umesokotwa wakati wa kukaza nati. Presha itajaribu kuunyoosha, na hapo ama nati hulegea ama waya huachana. Ndiyo sababu tunasisitiza spana mbili kila siku: moja inashikilia fitingi isizunguke, nyingine inakaza nati. Anayekaza kwa spana moja anausokota mpira mpya siku ya kwanza ya maisha yake.

Sasa soma hayo maandishi yenyewe. Utakuta kitu kama "EN 856 4SP 3/4 WP 350 BAR 2Q24", yaani kiwango, aina, kipenyo cha ndani, presha ya kazi, na robo ya mwaka uliotengenezwa. Hapa wenye maduka wengi hukosea, wengine kwa kutojua. Mpira wa 2SN wa robo tatu inchi na wa 4SP wa robo tatu inchi vina tundu sawa na hupokea mafuta sawa. Lakini 2SN ya robo tatu ni ya bar 215, 4SP ni bar 350, na 4SH, ya waya nne pia, ni bar 420. Eskaveta nyingi za tani 20 hufika karibu bar 350 mkono unapolemewa. Ukipewa 2SN, mpira ule hautapasuka siku hiyo, kwa kuwa mipira hii hutengenezwa ihimili mara nne ya presha iliyoandikwa kabla ya kupasuka. Ndilo jambo linalowadanganya watu: "mbona umekaa miezi miwili?" Akiba ile ya mara nne imewekwa kwa ajili ya uchovu, joto na mapigo ya ghafla, na wewe umeanza kuitumia tangu siku ya kwanza.

Hesabu mwenyewe. Kwenye maabara 2SN hujaribiwa kwa mapigo 200,000 na 4SP kwa mapigo 400,000, presha ikiwa asilimia 133 ya ile iliyoandikwa. Eskaveta inayojaza ndoo mara tatu kwa dakika hupiga mpira mapigo zaidi ya 1,400 kwa saa nane. Siku 140 za kazi zinatosha kufika 200,000, na hiyo ni kwenye benchi safi, bila vumbi la kokoto wala mpindo mbovu.

Kipenyo nacho kina wenzake wanaodanganya macho. 2SN ya nusu inchi ni bar 275, ya robo inchi ni bar 400, ya inchi moja ni bar 165 tu. Aina ni moja, ila kadiri tundu linavyopanuka ndivyo nguvu inavyopungua. Kwa hiyo usimwambie muuzaji "nipe ya waya mbili". Mtajie presha ya mtambo, kipenyo, joto na aina ya mafuta. Akikupa presha kwa psi, gawanya kwa 14.5 upate bar.

Twende kwenye maiti. Kata mpira uliopasuka kwa urefu, kwa gurudumu la kukatia, ukiwa umevaa miwani, kisha utazame matabaka. Waya zikiwa zimekatika vipandevipande kwenye kona, hiyo ni kazi ya mpindo na mapigo. Ukikuta mpasuko mmoja safi katikati ya sehemu iliyonyooka na waya nyingine zote nzima, presha ilizidi: kapime valvu ya usalama kwa geji, maana huenda kuna mtu ameikaza "ili mtambo uwe na nguvu". Utando wa ndani ukiwa mgumu na unapasuka kama udongo mkavu ukiupinda, mafuta yalichemka kupita kiasi. Ukiwa umevimba na kulainika kama sifongo, mafuta na mpira havipatani. Jalada la nje likiwa limelika na waya zina kutu, ulikuwa unasuguana na kitu, na kitu hicho bado kipo kinamsubiri wa nne.

Na ikiwa fitingi imechomoka nzima ikaacha mpira, lawama ni ya aliyebana. Tazama ncha ya mpira. Alama za meno ya ferula, ule mkebe wa chuma unaobanwa juu ya mpira, zinatakiwa zionekane urefu wote wa ferula. Zikiishia nusu, mpira haukusukumwa hadi mwisho. Kabla ya kulipa, mwombe fundi wa presi, mashine ya kubania fitingi, apime kipenyo cha ferula iliyobanwa kwa vernia, rula ya chuma yenye taya za kupimia unene, katikati ya ferula, na alinganishe na jedwali la mtengenezaji wa fitingi ile. Ikibanwa kidogo itachomoka, ikibanwa mno itaponda utando wa ndani. Fitingi ya kampuni moja kwenye mpira wa kampuni nyingine haina jedwali, na fundi anayebana bila jedwali anakisia. Duka lisilo na vernia mezani, ondoka.

Dai pia mpira usafishwe. Gurudumu la kukatia huacha unga wa chuma na mpira ndani ya tundu. Maduka mazuri hupitisha kidonge cha sponji kwa bunduki ya upepo, kutoka ncha zote mbili, kisha hufunika ncha kwa vifuniko vya plastiki. Unga ule ukiachwa utaishia kwenye valvu na pampu, na bei ya pampu ya eskaveta unaijua.

SWALI: Nakodisha matrekta mawili na mashine ya kufunga majani. Nataka ratiba ya kukagua mipira isiyonichukua nusu siku. Pia madereva wangu huifunga pamoja kwa vipande vya tyubu ya gari. Ni sawa?
*Mama mkandarasi, Nakuru*

JIBU: Mama, dakika kumi asubuhi zinatosha, injini ikiwa imezimwa na mafuta bado ni baridi. Dereva azunguke mtambo na kitambaa mkononi. Anatafuta unyevu kwenye mashina ya fitingi, jalada lililolika, malengelenge, mpira uliobonyea au kukunjika, na klampu zilizolegea. Vumbi lililoganda na mafuta ndilo linalomwelekeza, kwa kuwa mahali pakavu hapashiki vumbi nene. Lakini lazima pasafishwe jioni, la sivyo baada ya wiki mtambo wote ni matope ya mafuta na hakuna anachokiona.

Asidharau tone. Tone moja kila sekunde ni zaidi ya lita moja kwa siku ya kazi ya saa nane. Ukiacha gharama, mahali mafuta yanapotokea vumbi nalo hupata njia.

Kila mwezi, au kila saa 250 ukiwa na mita ya saa, fanya ukaguzi wa ndani zaidi: fungua walinzi wa chuma, tazama mipira inayopita ndani ya fremu, na uchezeshe kila silinda mwanzo hadi mwisho huku mtu mwingine akitazama kwa mbali. Mipira mingi hufa mahali ambapo hakuna anayepaona trekta likiwa limesimama.

Mpira unatolewa kazini siku hiyohiyo ukiona waya iliyojitokeza, mpasuko wa jalada uliofika kwenye waya, lengelenge, fitingi iliyosogea au kuzunguka ndani ya ferula, unyevu unaotoka chini ya ferula, au mpira uliokunjika ukabaki na kovu. Mpasuko mwembamba wa juujuu usiofika kwenye waya unaweza kusubiri hadi mwisho wa msimu, ila uandikwe. Unyevu kwenye nati ni jambo jingine. Hapo huenda oringi, ile pete ya mpira ya kuzibia, imechoka au koni, mdomo wa chuma uliochongoka wa fitingi, imekwaruzwa; zima, toa presha, fungua uone. Kukaza zaidi na zaidi huharibu koni.

Tyubu ya gari tunaielewa, ni rahisi na ipo kila mahali. Tatizo lake ni mchanga. Mchanga huingia kati ya tyubu na mpira, hukaa na mafuta, na trekta linapotikisika huwa msasa. Mipira yenyewe nayo ikifungwa pamoja husuguana, hasa ule wa presha unaojikunja na ule wa kurudisha mafuta usiojikunja. Tumia klampu za plastiki ngumu zinazotenganisha kila mpira na mwenzake. Pale ambapo lazima uguse chuma, vika mpira gamba la plastiki la kujizungusha au soksi ya nailoni. Ukikosa, mpira mkuukuu uliopasuliwa kwa urefu na kuvikwa juu unafaa, mradi uuvue kila mwezi usafishe chini yake. Klampu isibane hadi kuutafuna mpira, na isikae katikati ya kona.

Kwenye vile viungo vya kuchomeka na kuchomoa nyuma ya trekta, vifuniko vya plastiki visipotee. Dereva afute kiungo kabla ya kuchomeka. Mavumbi mengi kwenye mafuta ya trekta huingilia hapo.

SWALI: Stoo yetu ina mipira iliyokwisha kubanwa tangu 2019, mipya kabisa, haijafungwa popote. Bado inafaa?
*Mtunza stoo, Dodoma*

JIBU: Hapana, isifungwe kwenye presha kubwa. Mpira huzeeka hata usipotumika. Kiwango cha Ujerumani, DIN 20066, ambacho wengi hukifuata, kinaupa mpira uliobanwa fitingi miaka 6 kwa jumla tangu siku ulipobanwa, na ndani ya hiyo isiyozidi 2 stoo. Mpira wa roli ambao haujakatwa usipitishe miaka 4 tangu ulipotengenezwa. Kwenye jua na vumbi letu hiyo 6 ichukulieni kama mwisho wa mbali. Mtambo unaofanya kazi zamu mbili hubadilishiwa mipira mapema zaidi.

Hifadhini ndani, mahali pakavu na penye giza, pasipo joto kali. Msiweke karibu na mashine ya kuchomelea au mota kubwa za umeme, kwa sababu cheche huzalisha ozoni inayopasua mpira. Laza kwa duara pana, usining'inize kwenye msumari: uzito wote hukaa kwenye kona moja. Ncha zifunikwe. Panya hutafuna, na mende hutaga ndani ya tundu lililo wazi. Anayeingia stoo mwisho asitoke mwanzo: kila mpira uandikwe tarehe ya kubanwa kwa rangi, na wa zamani utoke kwanza.

SWALI: Nilibadilisha mpira mnene unaotoka tangi kwenda pampu. Sasa pampu inalia kama inasaga mawe na mafuta kwenye tangi yana povu jeupe. Hakuna kinachovuja nje.
*Fundi wa magreda, Mbeya*

JIBU: Zima mtambo sasa, usiendelee kuujaribu. Mpira huo hauna presha, una mvuto. Pampu inavuta mafuta, na mpira ukishindwa kuhimili mvuto hubonyea ndani au huruhusu hewa iingie. Hewa ikiingia unapata povu, na mafuta yakikosekana pampu hupiga mawimbi ya mapovu yanayolipuka juu ya chuma chake na kukichimba. Kwa namna zote mbili pampu inakufa, na mafuta hayadondoki nje kwa sababu hewa inaingia badala ya mafuta kutoka.

Mpira wa kuvutia lazima uwe na waya nene iliyozungushwa kama springi ndani ya ukuta wake, aina iitwayo SAE 100R4 au inayofanana nayo. Mpira wa maji au wa radieta ukionekana mnene vilevile, mafuta yakipata moto hulainika na kujibonyeza. Tazama hilo kwanza. Kisha tazama klipu: ziwe mbili kila upande ikiwa mpira haukubanwa kwa presi. Kupata mahali hewa inapoingilia, paka grisi nene kwenye kiungo kimoja kimoja mtambo ukizunguka taratibu. Ukiziba penyewe, kelele hubadilika. Angalia pia kama utando wa ndani umebanduka na kuziba njia kama kilimi. Huo hauonekani kwa nje, tia tochi.

SWALI: Forklifti zetu ziko karibu na bahari. Fitingi zinashika kutu nyekundu ndani ya mwaka mmoja. Tuzipake rangi?
*Mombasa*

JIBU: Rangi juu ya kutu inaficha tu. Ziosheni kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila wiki, zikaushwe kwa upepo, kisha paka nta au grisi nyepesi kwenye fitingi, si kwenye mpira wenyewe. Msielekeze mashine ya kuoshea ya presha kubwa kwenye mdomo wa ferula. Mtakapobadilisha, ombeni fitingi zilizopakwa zinki na nikeli. Hudumu pwani kuliko zinki ya kawaida. Kutu ya juu ya nati haitishi sana. Inayotisha ni ile inayotoka chini ya ferula kama machozi ya kahawia, kwa sababu waya ndani zimeanza kuliwa. Huo uvueni.

SWALI: Je, naweza kukata sehemu mbovu na kuunga kwa kipande cha bomba na klipu?
*Mwanza*

JIBU: Kwa klipu za skrubu, kamwe, kwenye upande wa presha. Kiungo kilichobanwa kwa presi pande zote mbili kinaweza kukuvusha ikiwa sehemu ile imenyooka, haichezi, na mpira uliobaki ni mzima kweli. Kwa kawaida ukihesabu fitingi mbili na kazi ya presi, bei inakaribia mpira mpya.

SWALI: Nimepata mpira mpya, nati inaingia mizunguko mitatu kisha inakwama. Fundi anasema tufunge tepu nyeupe na kukaza kwa bomba refu. Na nikishafunga, nawashaje bila kuharibu pampu?
*Opereta wa buldoza, Bukoba*

JIBU: Msikaze. Nati inayokwama mzunguko wa tatu si ya hapo. Nyuzi zinafanana kwa macho tu: uzi wa milimita 22 wenye hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya milimita 1.5 na uzi wa inchi 7/8 wenye nyuzi 14 kwa inchi vina unene karibu sawa, na cha pili hatua yake ni milimita 1.81. Vitashikana kidogo, kisha vitatafunana. Pimeni unene kwa vernia na hatua kwa kitana cha kupimia nyuzi. Tazameni pia mdomo: koni ya JIC, aina ya Kimarekani, ina mteremko wa digrii 37 kila upande, ya BSP, aina ya Kiingereza, ni digrii 60 kwa jumla, na nyingine zina uso bapa wenye oringi. Mitambo ya Japani mara nyingi ina koni zake. Peleka fitingi ya zamani dukani ikiwa safi, usipeleke maelezo ya mdomo. Na tepu nyeupe isiguse koni wala oringi: hapo kinachoziba ni chuma kwa chuma au oringi, na vipande vya tepu husafiri hadi kwenye valvu.

Kabla ya kufungua wowote: laza bledi chini, zima injini, rudisha ufunguo kwenye ON bila kuwasha injini, chezesha leva zote pande zote mara kadhaa, kisha legeza taratibu kifuniko cha tangi. Ikiwa mtambo una akyumuleta, chombo kinachotunza mafuta yenye presha, fuata kitabu chake kuitoa presha. Usifungue mpira wa silinda iliyobeba mzigo, hata leva zimechezeshwa. Huenda valvu ya kuzuia bado imeshikilia mafuta ndani ya silinda.

Futa pande zote za nati kabla ya kuilegeza. Ukishafunga mpya, jaza mafuta hadi alama, yale yale yaliyomo. Washa, acha injini kwenye mwendo wa chini dakika mbili au tatu bila kugusa leva. Kisha chezesha silinda hiyo taratibu, bila mzigo, ukiishia kabla ya mwisho wa safari yake, mara tano hadi kumi, hadi iache kurukaruka. Ukisikia mlio wa kusaga, acha leva, subiri hewa itoke tangini. Sasa beba mzigo mwepesi, kisha mzito. Zima, laza bledi, toa presha, tazama kila kiungo kwa kitambaa, na ongeza mafuta kwa sababu mpira mpya umeyameza. Kesho yake baada ya saa chache za kazi rudia kutazama kwa jicho. Mstari wa maandishi uwe bado umenyooka. Andika tarehe kwenye ferula kwa rangi isiyofutika.